Kikokotoo kinasema 66.7, mchoro wangu unasema 113

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha nne. Tulipewa pembetatu ABC yenye a = sm 7, b = sm 10 na pembe A = 40°, tutafute pembe B. Nilitumia kanuni ya sini, kikokotoo kikanipa 66.7°. Nikaichora kwa rula na bikari ili nihakikishe, nikapima B nikapata kama 113°. Nimerudia mara tatu. Mwenzangu anasema nimekosea kuchora, mimi nadhani kikokotoo ndicho kibovu. Nani yuko sahihi, na kwenye mtihani niandike lipi?

Jibu: Marahaba mwanangu. Kikokotoo chako ni kizima, na mchoro wako hauna kosa. Vipimo vitatu ulivyopewa vinatimizwa na pembetatu mbili tofauti. Moja umeipata kwa kikokotoo na nyingine kwa bikari. Umefanya vizuri sana kurudia mara tatu. Wengi wangefuta mchoro, wakanakili jibu la mashine na kuendelea na swali linalofuata, na wasingejua kwamba kuna kitu hapa.

Nitaandika sini na kosini. Kwenye kikokotoo chako ni vitufe vya sin na cos. Na nifuate desturi uliyoizoea darasani: upande a unaitazama pembe A, upande b unaitazama B, c unaitazama C.

Chukua karatasi safi tuichore upya pamoja, taratibu. Chora mstari mrefu wa kulala ukianzia A, uwe na urefu wa sentimita 15 hivi. Hapo A pima nyuzi 40, chora mstari wa pili unaopanda, na juu yake pima sentimita 10. Hapo ndipo C. Mpaka sasa hakuna utata wowote. Kilichobaki ni B. Tunajua mambo mawili tu juu yake: iko mahali fulani kwenye mstari wa kulala, na iko sentimita 7 kutoka C. Fungua bikari sentimita 7, simamisha sindano pale C, zungusha. Penseli itaukata mstari wa kulala. Usiinue mkono. Endelea kuzungusha: tao linapita chini ya mstari, linageuka, linapanda na kuukata mstari mara ya pili.

Pima sasa. Mkato wa karibu uko kama sm 4.9 kutoka A, na wa mbali uko kama sm 10.4. Unganisha kila mmoja na C. Una pembetatu mbili kwenye karatasi moja, zote zina nyuzi 40 pale A, zote zina upande wa 10 na upande wa 7. Nadhani wewe uliinua penseli baada ya mkato wa kwanza, ndiyo maana ukapata 113 peke yake.

Kabla hujafuta chochote, tazama ile pembetatu nyembamba iliyobaki katikati, kati ya C na mikato miwili. Pande zake mbili zinazoshuka kutoka C ni sawa, sm 7 kila mmoja, kwa hiyo pembe zake mbili za chini ni sawa pia. Ile ya mbali ndiyo B ya pembetatu kubwa, 66.7°. Ile ya karibu nayo ni 66.7°, lakini inatazama kulia, ndani ya pembetatu ya katikati. B ya pembetatu yako ndogo iko upande wa pili wa mstari uleule, upande unaotazama A. Mbili hizo ziko juu ya mstari ulionyooka, jumla yake ni 180°, na 180 ukitoa 66.7 unabaki na 113.3. Ndiyo sababu majibu haya mawili daima hukamilishana kufikia 180. Wengi huikariri fomula hii bila kuiona, nami nataka wewe uione hapo kwenye karatasi yako.

Kikokotoo je? Ulipoandika kanuni ya sini, a ÷ sin A = b ÷ sin B, ulipata sin B = 10 × sin 40° ÷ 7, yaani 0.918 hivi. Jaribu sasa hivi: bonyeza sin 66.7, kisha sin 113.3. Vyote vinatoa 0.918. Pembe kali na pembe butu inayoikamilisha kufikia 180 zina sini ileile, kwa kuwa mstari wa urefu uleule ukiulaza kuelekea kulia au kushoto kwa kiasi kilekile, ncha yake inabaki kwenye kimo kilekile. Ukimgeuzia kikokotoo swali, umwulize ni pembe gani yenye sini ya 0.918, inabidi akupe jibu moja, na ametengenezwa atoe lililo kati ya −90° na 90°. Pembe butu hawezi kukupa kabisa kwa kitufe hicho. Kuikumbuka ni kazi yako.

Utajuaje kabla ya kukokotoa kwamba swali lina majibu mawili? Fikiria mbuzi. Amefungwa kwenye kigingi pale C, na njia imenyooka ikianzia mlangoni pale A. Kigingi kiko mita 10 kutoka mlangoni. Kamba ya mbuzi ndiyo upande a. Umbali mfupi kabisa kutoka kigingini hadi njiani ni kile kimo tunachokipata kwa b × sin A, kwa namba zako 10 × 0.643, yaani 6.43. Kamba ikiwa fupi kuliko hapo, tuseme 6, mbuzi haifikii njia, na hakuna pembetatu. Kikokotoo kitaandika kosa kwa sababu sini imezidi 1. Kamba ikiwa 6.43 barabara, mbuzi anaigusa njia mahali pamoja tu, na pembe B ni 90°. Ikirefuka kidogo, kamba ikivutwa mpaka ikanyooka inafika njiani mahali pawili, huku na huku, na ndipo ulipo wewe na kamba yako ya 7. Irefushe zaidi: mahali pa karibu panasogea kuelekea mlangoni, na kamba ikifika 10, sawa na b, panafika mlangoni penyewe pale A. Kuanzia hapo pembetatu ya pili imekufa, kwa kuwa mkato wa pili umeangukia nyuma ya mlango, ambako hakuna njia. Limebaki jibu moja.

Kwa hiyo hali ya majibu mawili hutokea pale tu A ikiwa kali na a iko kati ya kimo na b. A ikiwa butu au mraba, huna haja ya mbuzi: a lazima iwe ndefu kuliko b, na jibu ni moja, la sivyo hakuna.

Kama hutaki kukariri hata hayo, kuna kipimo kinachotosha. Pata pembe ya kwanza kwa kikokotoo, itoe katika 180 upate ya pili, kisha kila moja ijumlishe na A. Ikizidi au kufika 180, itupe. Kwako 113.3 + 40 = 153.3, imebaki nafasi ya C, kwa hiyo inaishi. Geuza namba, a iwe 10 na b iwe 7: kikokotoo kinatoa B = 26.7°, mwenzake ni 153.3°, ukijumlisha 40 unapata 193.3. Tupa.

Tumalize pembetatu zako. Ya kwanza: B = 66.7°, C = 73.3°, na c = 7 × sin 73.3° ÷ sin 40°, ambayo ni 10.43. Ya pili: B = 113.3°, C = 26.7°, c = 4.89. Linganisha na ulichopima kwa rula.

Lakini mimi mwenyewe nikikutana na swali la aina hii huanza na kanuni ya kosini, ingawa ndefu kidogo. Andika a² = b² + c² − 2bc cos A, weka namba: 49 = 100 + c² − 15.32c. Panga upya: c² − 15.32c + 51 = 0. Huo ni mlinganyo wa kipeo cha pili wa kawaida, na ukiutatua unapata c = 10.43 au c = 4.89. Majibu yote mawili yamejileta yenyewe, hakuna lililofichwa nyuma ya kitufe. Kipeuo cha pili kikikataa, hakuna pembetatu. Jibu moja likiwa hasi, pembetatu ni moja. Sijui kwa nini njia hii hupewa nafasi ndogo darasani, kwa sababu inamkinga mwanafunzi hata akiwa amechoka.

Kosini ina sifa nyingine ambayo sini haina: pembe kali zina kosini chanya na pembe butu zina kosini hasi, kwa hiyo kikokotoo kinajua kuzitofautisha. Hapa kuna mtego ambao nimeuona ukila alama nyingi kuliko hata swali lako. Mwanafunzi anapewa pande tatu, 4, 6 na 9. Utata haupo hapo, pembetatu ni moja tu. Anatumia kosini vizuri, anapata pembe A inayotazama upande wa 4: 20.7°. Kisha, ili apunguze kazi, anahamia kwenye sini kutafuta pembe C inayotazama 9. Kikokotoo kinampa 52.8°. Anatoa kwenye 180, B inakuwa 106.4°. Anapiga mstari chini, ameridhika.

Yote mawili ni makosa. Upande wa 9 ndio mrefu kuliko yote, iweje unatazamwa na nyuzi 52.8 wakati upande wa 6 unatazamwa na nyuzi 106? Ukweli ni C = 127.2° na B = 32.1°. Dawa ni moja: ukitumia kosini, anza na pembe inayotazama upande mrefu kuliko yote. Kama kuna pembe butu, ndiyo hiyo, na ukishaipata, mbili zilizobaki ni kali kwa lazima, sini haiwezi tena kukudanganya.

Sasa mtihani. Swali likisema tu "tafuta pembe B" bila mchoro na bila neno la ziada, andika zote mbili, na uonyeshe kwamba umeijaribu ya pili kwa jumla ya 180. Swali likisema pembetatu ina pembe kali tupu, au B ni butu, au likikupa mchoro ulioandikwa vipimo, hapo umepewa kidokezo cha kuchagua. Chagua na useme kwa nini. Na usikadirie katikati ya kazi. Beba 66.674 mpaka mwisho, ukate desimali kwenye mstari wa mwisho, hasa mbuzi anapokuwa ameigusa njia kwa shida. Kwa mfano, b ikiwa 10 na A ikiwa 40°, kamba ya 6.5 inatoa c ndefu ya 8.63, na kamba ya 6.6 inatoa 9.16. Milimita moja ya rula imegeuka milimita zaidi ya tano kwenye jibu.

Umeniuliza pia nani yuko sahihi, na hapo nataka nikae kidogo. Hisabati imekuambia kuna pembetatu mbili. Ipi iliyopo kweli haiwezi kukuambia, kwa sababu habari hiyo haimo katika namba ulizopewa. Lazima itoke nje.

Nilipokuwa kijana kwenye kikosi cha upimaji ardhi, tulitumwa kutafuta bikoni ya mpaka iliyopotea kwenye shamba la mikorosho. Karatasi ya zamani ilikuwa imeliwa na maji upande mmoja. Tulikuwa na bikoni mbili zinazoonekana, tulijua mpaka unaelekea wapi kutoka ile ya kwanza, na tulijua umbali wa bikoni iliyopotea kutoka ile ya pili. Umbali wake kutoka ya kwanza ndio uliokuwa umefutika. Namba zenyewe sizikumbuki, kwa hiyo nitaazima zako, nizifanye mita na kuzizidisha kwa kumi. Kikokotoo kikatupeleka mita 104.3. Tukachimba asubuhi nzima, udongo mwekundu, mizizi, hakuna kitu. Vijana wakaanza kusema bikoni imeng'olewa. Mzee aliyekuwa anatuongoza akaomba daftari langu, akachora tao kwa kamba ya kiatu juu ya ukurasa, akaonyesha kidole mkato wa pili bila kusema neno. Tukarudi hadi mita 48.9. Jembe lilitoa sauti ya zege kabla shimo halijafika magotini.

Tangu siku hiyo sijawahi kuona vipimo viwili vya upande na pembe isiyobanwa kati yake nikakokotoa bila kuchora. Na nimeelewa kwa nini wapimaji wa zamani, wale waliosuka mtandao wa pembetatu kuvuka Uganda, Kenya na Tanzania ambao ramani zetu nyingi za datumu ya Arc 1960 (yaani msingi wa marejeo wa vipimo vya ramani) zimesimama juu yake, walipima urefu wa mistari michache tu ya msingi, na kwingine kote wakapima pembe kwa theodolaiti kutoka kilima hadi kilima. Upande mmoja na pembe zake mbili hutoa pembetatu moja tu, siku zote. Kadhalika pande mbili na pembe iliyo katikati yake, au pande tatu. Pande mbili na pembe ya pembeni ndizo zinazoleta mapacha.

Mahali ninapopenda zaidi kuwaona mapacha hao ni angani. Zuhura, ile sayari inayoonekana kama nyota kali magharibi baada ya jua kuzama au mashariki kabla ya alfajiri, inazunguka Jua kwa umbali wa kilomita milioni 108 hivi. Sisi tuko kilomita milioni 150. Jioni moja ukipima ukakuta pembe kati ya Jua na Zuhura ni 30°, umepata swali lako lilelile: A ni Dunia, C ni Jua, B ni Zuhura; b = 150, a = 108, A = 30°. Kimo ni 150 × 0.5, yaani 75. Kwa kuwa 108 iko kati ya 75 na 150, majibu ni mawili. Zuhura iko kilomita milioni 208 kutoka kwetu, ng'ambo ya Jua, au iko milioni 52, upande wetu. Kwa macho matupu ni nukta ya mwanga tu, na pembe ni 30 kwa yote mawili.

Anayetoa habari ya nje hapa ni darubini. Kokotoa pembe B, pale Zuhura penyewe, kati ya Jua na sisi: ni 44° au 136°. Ikiwa 44, Jua linaangaza karibu uso wote unaotutazama, asilimia 86, na tunaona kiduara kidogo karibu kamili. Ikiwa 136, tunatazamwa na upande wa giza, kimeangazwa asilimia 14 tu, na tunaona hilali nyembamba, lakini kubwa mara nne kwa upana kwa sababu iko karibu mara nne. Galileo aliiona Zuhura ikibadilika hivyo kwa darubini yake mwishoni mwa mwaka 1610, ikawa ushahidi mzito kwamba inalizunguka Jua. Pembe kali na pembe butu ulizogombana na mwenzako juu yake ndizo hizo, umbo la duara na umbo la hilali.

Nikuachie kazi moja ya nyumbani. Weka b na a zilezile za Zuhura, lakini A iwe 50°. Kimo kitakuwa 114.9, na kamba ya mbuzi ni 108. Kikokotoo kitaandika kosa, na safari hii hata bikari itakubaliana nacho. Kisha, katika msimu Zuhura inapoonekana jioni, uitazame kwa miezi kadhaa, ukipima kwa kipimapembe na uzi ilivyo mbali na Jua linapozama. Itapanda hadi nyuzi 46 au 47 hivi, itasimama, itaanza kurudi. Kwenye 50 hutaikuta.